Milango Kumi na Miwili ya Usiguse

Jumanne tarehe 14 Machi 2017, fundi vitasa mwenye umri wa miaka arobaini na moja alitia sahihi karatasi ya kukabidhi kazi. Karatasi hiyo ipo hadi leo, katika jalada la kijani kwenye ofisi ya shirika linalowatafutia makazi watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Ina mistari minne. Mstari wa tatu unasema: "Vitasa kumi na viwili vimewekwa na kujaribiwa, ndani na nje." Chini yake kuna sahihi yenye mkia mrefu, kama ya mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Kuwekwa, vilikuwa vimewekwa. Kwa nje vilijaribiwa pia. Kwa ndani hakikujaribiwa hata kimoja, kwa sababu fundi hakuingia ndani ya chumba hata kimoja.

Katika kazi yake, kujaribu ndani kuna maana moja tu. Fundi huingia chumbani, husukuma mlango mpaka uingie kwenye fremu, hutia ufunguo upande wa ndani na kuuzungusha mara mbili. Kisha huzungusha tena kufungua, hutoka na kumwita mwenye nyumba. Alifundishwa hivyo na mjomba wake, mtu wa maneno machache ambaye kila mlango ulipokwisha aliuliza swali moja: "Umejifungia?" Ukisema bado, alikurudishia bisibisi mkononi. "Kitasa usichojifungia nacho hujakiweka," alikuwa akisema, "umekipigilia tu."

Jengo lenyewe lilikuwa bweni la zamani la wafanyakazi wa kiwanda. Shirika lililikodi, likalipaka rangi ya maziwa na kuligawa vyumba kumi na viwili, sita kila upande wa ushoroba mmoja mrefu, choo na bafu mwishoni. Mpangaji hukaa miezi ishirini na minne, shirika likilipa sehemu kubwa ya kodi, ili apate pa kuwekea dawa na kichwa wakati anajipanga upya. Anayebaki na haja baada ya hapo huongezewa muda. Vitasa vilichelewa. Fundi alipofika, wapangaji walikuwa wameshahamia wiki mbili kabla, milango ikifungwa kwa kamba. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, taulo zimeanikwa madirishani, na kwenye dirisha la namba saba kulikuwa na chupa nyeupe ya dawa, imesimama wazi kama chupa ya chumvi.

Alikuwa ameambiwa ni nyumba ya nani. Alikuja na glovu za mpira za rangi ya chungwa, zile ndefu za kusafishia vyoo, zinazofika viwikoni. Siku hiyo ilikuwa ya joto. Alizivaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, akipiga magoti kizingitini, mwili wote nje, mkono mmoja tu ukizunguka mlango kushika bamba la ndani, kile kibati chenye tundu la ufunguo, na kulikaza skrubu kwa kupapasa.

Mpangaji wa namba saba, mwanamke anayeshona pindo za mashuka ya hospitali na ambaye tangu siku hizo anaitwa Mama Saba, alimwonea huruma.

"Fundi, si uingie tu? Hapo utavunjika mgongo."

"Niko sawa, mama. Hapa napata mwanga."

"Mwanga uko huku ndani kwenye dirisha."

"Nimeshazoea, mama."

Mama Saba alizitazama glovu, akarudi kwenye shuka lake. Wapangaji wote siku hiyo walizitazama glovu. Uso wa aliyezivaa hawakuutazama, na jambo hilo lilikuja kuwa na maana baadaye.

Alasiri hiyo alirudi kwenye kibanda chake cha kazi, meza ya mbao chini ya bati, ubavuni mwa fundi viatu ambaye amekaa jirani naye miaka kumi na mitano. Fundi viatu alikuwa na sindano mdomoni.

"Leo ulipotelea wapi, bwana Kitasa? Wateja wameniuliza mpaka nikajiona mke wako."

"Nimetoka Usiguse."

"Ndiyo wapi huko?"

"Ile nyumba ya wenye virusi. Kila ukinyoosha mkono unajiambia usiguse, usiguse. Nimefunga milango kumi na miwili kama mtu anayetega bomu."

Fundi viatu alicheka mpaka akatoa sindano asije akaimeza. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri soli alicheka naye, na mteja huyo alikuwa mwendesha pikipiki. Kufikia katikati ya mwaka, abiria walishushwa Usiguse. Duka la kona lilikuwa duka la Usiguse. Mtu aliandika neno hilo kwa mkaa kwenye nguzo ya umeme mbele ya geti, likafutwa, likaandikwa tena kwa rangi.

Juni mwaka huohuo ofisi ilimpigia simu. Vitasa vinafunga vizuri mtu akitoka, alisema afisa, lakini mtu akiwa ndani ufunguo hauzunguki. Unaingia nusu, unakwama. Fundi alijibu kwamba vitasa vipya ni vigumu, vitalainika vikitumika. Afisa alipiga tena Julai. Fundi alikuwa ameshaihifadhi namba yake kwa jina la "Usipokee".

Ofisi ilimtafuta fundi mwingine. Alifika getini, akauliza kama hapo ndipo Usiguse, akaambiwa ndipo, akasema amesahau keekee ya kutobolea nyumbani. Hakurudi. Baada ya hapo afisa alihamishwa, fungu la matengenezo likaelekezwa kwenye paa lililovuja, na wapangaji wakapata dawa yao wenyewe: kila chumba kiti kimoja cha mbao, kinachoegemezwa chini ya kishikio mwenye chumba akiwa ndani. Kwenye orodha ya vifaa ambayo mpangaji mpya husaini, baada ya kitanda na godoro, kuna mstari unaosema: "Kiti cha mlango, kimoja."

Fundi anasema hakuwahi kuifikiria milango ile kwa miaka mitatu. Anajisahihisha: aliifikiria kila alipoliona neno lile kwenye nguzo, na kila mara alivuka barabara.

Kikohozi kilianza Agosti 2020. Alikiita vumbi la mbao. Novemba alikuwa amepungua kilo kumi na sita na suruali zake zilishikwa na kamba ya katani. Fundi viatu ndiye aliyemkokota zahanati, akimtania njia nzima kwamba sasa anaweza kuingia chumbani kupitia tundu la ufunguo. Kifua kilikuwa na ugonjwa wake, na damu ilikuwa na habari yake. Muuguzi wa ushauri alimweleza polepole, akamwuliza kama ana swali.

Alikuwa nalo moja. "Hii inapita kwenye kitasa?"

"Kitasa gani?"

"Cha mlango. Mtu mwenye nayo akishika, nawe ukashika."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Kaka, ingekuwa inapita kwenye kitasa, mimi ningeshazikwa mara kumi. Wewe ni fundi wa vitu hivyo, siyo? Umeshika vingapi maishani? Si kitasa kilichokuletea."

Muuguzi alidhani ametulia kwa sababu ya jibu zuri. Fundi anasema hakuwa ametulia. Alikuwa akiona rangi ya chungwa.

Alilazwa wiki kumi. Aliporudi, mwenye nyumba wake alikuwa ameshampangisha mtu mwingine, vyombo vyake vimewekwa kwenye maboksi mawili chini ya ngazi. Alihamia kwa dada yake mkubwa, kwenye kochi la sebuleni. Dada aliambiwa habari ya kifua, ya pili hakuambiwa. Dawa alizihamishia kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya rundo la funguo mbovu. Kila aliyewahi kuficha chupa ya dawa anajua kwamba chupa hupiga kelele ikitikiswa, na wengi huijaza pamba. Yeye hakuhitaji pamba. Kopo la fundi vitasa likipiga kelele, nani atauliza?

"Kopo lako hilo utazikwa nalo," dada yake alimwambia asubuhi moja, akifagia chini ya kochi. "Hata chooni unaenda nalo. Funguo za mbinguni hizo?"

"Ni za wateja, dada."

"Wateja gani, na meza yako ina vumbi la miezi?"

Sebule ile haina mlango, ina pazia. Alimeza dawa chooni, saa tatu usiku na kopo kwapani, kwa miezi mitatu.

Mwanzoni mwa Mei 2021 shemeji yake alimwita uani. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulifanya jambo liwe gumu zaidi.

"Shemeji, hapa ni kwako, unajua. Ila binti anarudi na mtoto mwisho wa mwezi huu. Ameachana na yule bwana. Watalala wapi?"

"Nimeelewa, shemeji."

"Sikufukuzi."

"Najua hunifukuzi."

Muuguzi alimwandikia barua ya kwenda ofisi ya makazi. Afisa aliyemkuta alikuwa mpya, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyefungua jalada jipya kwa jina lake bila kugusa majalada ya zamani. Haja yake ilikuwa wazi: amelazwa, amepoteza chumba, hana pa kukaa baada ya tarehe thelathini na moja. Kulikuwa na chumba kimoja wazi, namba nne. Hakukuwa na kingine, wala hakikutarajiwa kabla ya mwaka kwisha.

"Jengo ni lile bweni la zamani karibu na duka la kona," alisema afisa. "Watu wana jina wanaliita. Sisi hatuliiti hivyo."

"Nalijua."

"Una ndugu pale? Au umewahi kuhusika nalo kwa lolote? Nauliza kwa ajili ya fomu."

"Hapana," alisema, na afisa akaandika hapana.

Kilichobaki, alielezwa, ni kikao. Wapangaji hukutana na kila anayekuja kabla hajahamia. Hawachagui watu kwa kuwapenda. Wanaweza kumkataa mtu kwa sababu mbili tu, na ni wao walioziandika: ana mkono mwepesi wa kupiga, au ametoa siri ya mpangaji. Mengine yote, ulevi, kiburi, mdomo, yanavumilika.

Kikao kiliitishwa Jumapili tarehe 23 Mei, saa kumi alasiri, ushorobani. Wapangaji wanane kati ya kumi na mmoja walikuwepo, wamekaa juu ya ndoo zilizofudikizwa na vigoda, mgongo ukutani. Fundi alivaa kofia na shati lililokuwa la mtu mnene, yaani lake mwenyewe. Alipita geti akiwa na roho mkononi. Mama Saba alimtazama usoni, akampa kigoda na kusema karibu. Mwingine akamsogezea maji. Hakuna aliyemtambua. Walikuwa hawajawahi kumwona.

Mama Saba, ambaye ni mwenyekiti, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye upindo wa shuka. Anameza dawa? Anameza. Ana mkono mwepesi? Hana. Anaweza kutunza siri za wenziwe? Anaweza.

"La mwisho. Kuna jambo lolote juu yako ambalo ni afadhali tulisikie kwako kuliko kulisikia mtaani?"

Alikunywa maji aliyokuwa ameyashika. "Hapana," alisema. Ilikuwa mara ya pili wiki hiyo.

"Basi tukuoneshe chumba."

Walioingia naye namba nne walikuwa watatu: Mama Saba, mzee wa namba mbili ambaye ni mlinzi wa ghala, na mwanamke wa namba tisa anayeosha vyombo kwenye jiko la shule. Chumba kina dirisha moja, kitanda cha chuma, ndoana mbili ukutani. Mlinzi alikivuta kiti kutoka pembeni kama mtu anayetambulisha ndugu.

"Huyu ndiye kitasa chako. Ukiingia, unamweka hivi, miguu ya nyuma kwenye ule ufa wa sakafu. Mimi nalinda ghala la tajiri kwa bunduki, nyumbani nalindwa na kiti. Usicheke, utazoea."

"Wakati mwingine kinateleza," alisema namba tisa.

"Kwako kiliteleza," mlinzi alisema kwa sauti ya chini.

"Kwangu kiliteleza. Shemeji yangu alikuja kunisalimia mchana, hakubisha hodi. Alisukuma. Alinikuta nimekaa kitandani na dawa kiganjani, chupa mapajani. Aliniachia ndizi akaondoka. Nilipofika kwa mama yangu Jumamosi, kikombe changu kilikuwa kimeshatengwa." Aliyasema haya kwa namna mtu anavyomweleza mgeni mahali maji yanapokatika. "Kwa hiyo wewe sukuma kiti mpaka usikie kimeuma."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Mkono wake ulifanya kile ambacho mikono yake imefanya kwa miaka ishirini na mitano: kidole gumba kilipita juu ya bamba la ndani, kikatafuta ukingo wa tundu. Bamba lilikuwa limekwenda kushoto kwa upana wa njiti ya kiberiti. Skrubu mbili. Kulegeza, kusogeza, kukaza. Dakika kumi kwa mtu mvivu. Milango kumi na miwili ingekwisha kwa saa mbili, na ingeweza kwisha siku ileile ya Machi, kama angekuwa ameingia akajifungia.

"Ni bamba," alisema. "Limekaa upande."

"Wewe ni fundi?" Mama Saba aliuliza, na kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha usoni. "Jamani, Mungu ametuletea fundi!"

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Angehamia, angetengeneza milango yote kwa siku moja, wangempikia. Anasema alikiona kitu hicho chote, mpaka sahani. Kisha alimwangalia namba tisa, akaona kwamba sahani hiyo ingetoka kwake pia.

"Kazi hii niliifanya mimi," alisema.

Mlinzi akainua mkono wake mwenyewe, akapitisha kidole kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, kama mtu anayevuta kitu.

"Wewe ndiye Glovu?"

Hakujua kwamba alikuwa na jina. Kwenye ushoroba ule, kwa miaka minne, chochote kilichofanywa ovyo kilikuwa kazi ya Glovu. Chai iliyokosa sukari, Glovu ameipika. Mvua iliyonyesha upande mmoja wa paa, Glovu yuko juu. Watoto wa namba kumi na moja walitishwa kulala kwa jina hilo.

"Ndiye mimi. Sikuingia ndani. Niliogopa." Alivua kofia, hakujua aishike wapi. "Na jina la nyumba, lile la kwenye nguzo. Lilitoka kwangu vilevile. Nilikuwa natania."

"Hilo hatukukuuliza," alisema Mama Saba.

Walirudi ushorobani na habari ikawafikia wengine kabla hawajakaa. Fundi alibaki amesimama. Alisema maneno aliyokuwa ameyaandaa dakika hiyohiyo: kwamba wakimpokea, atatengeneza milango yote bila malipo.

Mama Saba alilikunja shuka mara nne. "Ulilipwa?"

"Wakati ule? Nililipwa."

"Utafanyaje bure kitu ulichokwisha kulipwa? Milango ni kazi yako, tunakudai. Chumba ni haja yako, hutudai wala hatukudai. Usituchanganyie vitu viwili kwenye sufuria moja. Hapa hatugawi vyumba kwa tabia. Tungegawa kwa tabia, wangebaki watu wawili, na mimi simo."

"Mimi nimo," alisema mlinzi, lakini hakuna aliyecheka.

"Mimi nakataa," alisema namba tisa. Alikuwa hajakaa. "Sababu ya pili. Kutoa siri. Siri yangu mimi ilipita kwenye mlango wake. Semeni kama si kweli."

Hakuna aliyesema si kweli. Mama Saba alimwomba fundi asubiri getini.

Alisubiri dakika arobaini, chini ya nguzo, mgongo wake ukilifunika neno. Pikipiki moja ilipunguza mwendo. "Mzee, unatoka Usiguse? Twende mjini." Alitikisa kichwa. Dereva alikuwa kijana wa umri wa mwanawe kama angekuwa na mwana, na alilitamka neno lile bila kejeli yoyote, kama mtu anavyotaja stendi. Fundi anasema hiyo ndiyo dakika iliyomwingia zaidi ya zote: kwamba utani wake ulikuwa umeshakuwa anwani, na yeye yuko pale akiiomba.

Alipoitwa, Mama Saba alisoma kutoka kwenye daftari. Walijadili kama mlango mbovu ni sawa na mdomo mbovu. Watatu walisema ni sawa. Watano walisema si sawa: anayetoa siri ni yule anayeijua, na fundi hakuijua siri ya mtu, aliukimbia mlango tu. Kwa hiyo sababu ya pili haikumpata. Chumba namba nne ni chake kuanzia tarehe mosi Juni.

"Hujasamehewa," alisema Mama Saba. "Hilo halikuwa kwenye ajenda. Kila mtu na mlango wake."

"Nimeelewa, mama."

"Umesaini kwamba umejaribu ndani. Nenda kajaribu ndani."

Namba tisa alikuwa na neno moja zaidi, na aliomba liandikwe. Kwake fundi asije. Ataendelea na kiti mpaka siku atakayomwita mwenyewe, na asiulizwe ni lini. Liliandikwa.

Fundi alirudi kwa dada yake kwa miguu. Dada alifurahi kusikia amepata chumba, akauliza ni upande gani, na kabla hajajibiwa akaongeza, akimenya vitunguu, "Ilimradi si kule Usiguse tu," akacheka mwenyewe. Fundi alisema ni upande wa duka la kona, akachukua kopo lake.

Jumamosi hii, tarehe 29, saa tatu asubuhi, atafika na bisibisi, patasi na mikono mitupu. Ataanza namba saba: atalegeza bamba, atalisogeza, atalikaza, ataingia, atafunga mlango na kuzungusha ufunguo mara mbili, Mama Saba akiwa amekaa mle ndani na mashuka yake. Ataendelea hivyo mpaka itimie milango kumi na mmoja. Wa namba tisa atauruka. Jumanne atahamia. Dada yake ameahidi kumsaidia kubeba maboksi. Fundi anasema atamwambia Ijumaa hii ni wapi wanayapeleka.